Nane Iliyosomwa Tatu

Nimestaafu miezi miwili sasa, na katika miezi hiyo miwili Lilian amenipigia simu mara nyingi kuliko binti yangu wa kumzaa. Mama Beryl, mkeka haushiki. Mama Beryl, wembe umekwama. Mama Beryl, mashine inaniandikia kitu kwa rangi nyekundu. Lilian ndiye niliyemwachia mashine yangu ya kukatia stensili, yeye na wenzake wawili wa kikundi chetu hapa Manyatta. Ninawapenda wote watatu, lakini mtu aliyestaafu anafaa kuachwa anywe chai yake ingali moto. Kwa hiyo nimechukua daftari. Nitayaandika mambo yote mara moja, tangu mwanzo. Mkisoma mtaelewa, na msipoelewa mtasoma tena kabla ya kushika simu.

Kazi hii sikuianza na mashine. Niliianzia kwenye veranda ya Mama Nirmala, mjane wa Kihindi pale mjini, aliyekuwa akichapa maua kwenye vitambaa vya meza na mashuka. Alikuwa anatafuta mtu wa kufua vitambaa kabla havijachapwa, kwa sababu kitambaa kipya kina wanga, na wanga haunywi rangi. Nilifua wiki nzima. Jumatatu iliyofuata alinikuta nimeinama juu ya stensili zake.

"Unaangalia nini?"

"Ua, Mama."

"Hakuna ua hapo. Hapo kuna shimo tu. Keti."

Akanipa kisu chembamba na filamu ya eksirei iliyooshwa mpaka ikabaki wazi kama kioo. Kifua cha mtu fulani kilikuwa kimekwenda na maji. Akaniambia nikate herufi O. Nikakata duara la nje vizuri sana, nikakata na la ndani vizuri sana, na lile la ndani likaanguka sakafuni. Nikabaki nimeshika plastiki yenye tundu la mviringo.

"Umekata sahani," akasema. "O iko wapi?"

Kile kilichoanguka alikiita kisiwa. Kisiwa lazima kishikwe na daraja, yaani kipande chembamba ambacho hukikati, kinachokiunganisha na plastiki ya nje. "Kisiwa bila daraja kinazama, Pamela," aliniambia, na nilikata O siku tatu mfululizo mpaka nikawa naziona usingizini. Siku ya nne akanipa A. Siku ya tano akanipa B, ambayo ina visiwa viwili, nikalia.

Sheria yake nyingine ilikuwa hii: ukishachapa na kuinua stensili, chukua brashi ndogo uzibe pale daraja lilipokuwa, ili herufi iwe nzima. "Daraja ni letu sisi wa kazi," alisema. "Mwenye kitambaa asilione." Alikuwa akikagua kila kitambaa dirishani, na akiona pengo moja lililosahaulika hakugombana na mtu. Alikiweka tu kitambaa hicho mapajani mwako, akaenda zake jikoni. Heri angegombana.

Nilikaa naye miaka kumi na mbili. Alipohamia kwa mwanawe ng'ambo aliniachia visu vyake vyote, vimefungwa kwenye kitambaa cha maua niliyochapa mwenyewe, na nikaanza kufanya kazi nyumbani kwangu. Kazi kubwa ilikuwa viti vya kukodisha vya matanga. Kila mwenye viti anataka jina lake mgongoni mwa kiti, kwa sababu matanga yakiisha viti hutembea. Nilikata majina kwa mkono mpaka kidole changu cha shahada kikaota sugu ngumu kama ukwato.

Ndipo Beryl, binti yangu aliye Nairobi, alipoamua kunihurumia. Akanitumia mashine. Ilikuja kwenye sanduku, ndefu kama mikate miwili iliyolazwa, nyeupe, ina mdomo mbele. Akaniambia kwa simu, "Mama, hii unachora kwa kompyuta, unabonyeza, inakata yenyewe. Wewe unakunywa chai tu."

Chai! Siku ya kwanza mashine ilikataa hata kuwaka mpaka iunganishwe na mtandao. Nikanunua bando. Ikala bando lote ikijisasisha, kisha ikasema haijaniona. Nikanunua bando lingine. Ilipokubali, nikaweka plastiki juu ya mkeka wake wa gundi, nikabonyeza, ikanguruma vizuri kabisa, ikakata plastiki, ikakata na mkeka, na ingeendelea ingekata meza. Hakuna aliyeniambia kwamba kina cha wembe hupangwa. Tangu siku hiyo, Lilian, na nimekuambia kwa mdomo mara nyingi: kata kwanza duara dogo pembeni, kama ukubwa wa kifungo. Likitoka bila kulazimishwa, endelea. Lisipotoka, pitisha wembe mara ya pili palepale, usiongeze nguvu. Na usiutoe mkeka mdomoni kabla hujahakikisha, maana ukishautoa hutaurudisha mahali palepale hata kwa maombi.

Mkeka ukipoteza gundi, usinunue mwingine. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usiusugue, uuache ukauke wenyewe kivulini. Vumbi la Manyatta ndilo linaloua mkeka, vumbi na manyoya ya paka. Paka wa jirani yangu alilala juu ya mkeka wangu wiki ile ile ulipofika, na alipoinuka aliniachia nusu ya tumbo lake.

Halafu stima. Stima ikipotea katikati ya kazi, mashine hii haikumbuki kitu. Ikirudi inakuangalia kama mgeni. Nimepoteza alfabeti nzima ikiwa imefika herufi T. Nilikaa gizani saa moja jioni nikiwa na herufi kumi na tisa na hasira ya herufi ishirini na nne.

Wateja nao hawakuwa bora kuliko stima. Mama mmoja wa kwaya alitaka aya nzima ukutani kwa mwandiko wa mapambo, herufi zenyewe ndogo kama mchele. Nilipomwambia haiwezekani, madaraja yatakuwa membamba kama uzi, akaniuliza kama imani yangu ni ndogo. Bwana mmoja wa viti aliniandikia jina lake kwenye karatasi, nikakata kama alivyoandika, akachapa viti vyake vyote, kisha akarudi kuniambia kwamba jina limekosewa. Nikamwonyesha karatasi yake. "Sasa si ungeniuliza?" akasema. Nimuulize mtu mzima jina lake mwenyewe! Ndiyo, Lilian. Muulize. Mwambie aandike mara mbili, na majina yasipofanana mwache aende nyumbani akafikirie.

Na kule Muhoroni kulikuwa na msimamizi wa matrela ya kubebea miwa. Nilimkatia namba nzuri sana, plastiki nene, za kutumika hata miaka mitano. Nikamwambia, ukimaliza kuchapa zifute rangi ikiwa mbichi, zilaze bapa mahali pa baridi. Baada ya mwezi akazirudisha kwa gunia. Rangi ilikuwa imeganda juu yake kama uji wa jana, wakaamua kuitoa kwa maji yanayochemka. Zote zilikuwa zimejikunja kama chapati. "Mama, ulisema zinatumika tena na tena," akalalamika. Nilisema hivyo. Hata sufuria hutumika tena na tena, lakini usipoiosha itakuonyesha.

Hayo yote ni ya kucheka. La Usenge si la kucheka, na ningeweza kuliruka kama si kwamba ndilo lenye funzo kuliko mengine yote.

Mwenyekiti wa ufuo wa Usenge alikuja kwangu akiwa na haraka. Mashua zote za pale zilitakiwa ziandikwe namba zake za usajili ubavuni, kwa ukubwa mmoja, na doria ya ziwani ilikuwa inaanza karibuni. Hakutaka nikaziandike mimi. Alitaka stensili za sifuri mpaka tisa, wapake wenyewe, na ziwekwe ofisini kwao kwa ajili ya mashua zitakazokuja baadaye. Kazi safi, tena ya kutumika mara nyingi, ndiyo hasa mashine ilitengenezewa.

Sifuri mpaka saba zilitoka bila maneno. Nane ikanisumbua. Ina visiwa viwili, na madaraja niliyoyaweka, moja juu na moja chini, yalichanika nilipokuwa natoa plastiki. Stima ilikuwa inapepesa, mwenyekiti alikuwa amepiga simu mara mbili. Nikayahamishia madaraja yote mawili upande wa kushoto, nikayapanua mpaka yakafika unene wa kidole, nikabonyeza. Nane ikatoka imara. Niliiinua mbele ya dirisha nikaiangalia, nikaona nane. Niliona nane kwa sababu nilijua ni nane. Jicho la anayejua halisomi, linakumbuka tu. Nikampa mwenyekiti kifurushi, na sikumwambia neno lolote kuhusu kuziba madaraja kwa brashi. Nilidhani kila mtu amewahi kuwa na Mama Nirmala wake.

Ninyi chukueni karatasi sasa hivi, mwandike nane, mfute kwa kidole upande wa kushoto, juu na chini. Mnaona nini?

Baada ya kama mwezi mmoja simu ikalia. Mwenyekiti hakunisalimia.

"Mama Beryl, kuja Usenge. Boti ya Ouma imeshikwa na watu wa doria. Wanasema ni ile ya nyavu haramu."

"Mimi nahusikaje na nyavu?"

"Hiyo boti ya nyavu ni mia moja thelathini na tatu. Ya Ouma ni mia moja thelathini na nane. Sasa wewe kuja uone hiyo nane yako."

Nilifika asubuhi ya kesho yake nikiwa na mkoba wangu wa kazi. Mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu nyuma ya ofisi ya doria, imefungwa mnyororo, na injini imetolewa. Nilisimama mbele ya ubavu wake na sikuhitaji kuambiwa. Moja, tatu, tatu. Rangi nyeupe juu ya buluu, safi, hata haijapauka. Kazi yangu ilikuwa inasomeka vizuri sana, ila ilikuwa inasema uongo.

Bwana Ouma alikuwa amekaa juu ya jiwe. Mtu wa makamo, mrefu, kofia ameishika mkononi. Ilikuwa siku ya tano mashua yake imeshikwa. Watu wanne walikuwa wanaitegemea, na mkewe ambaye huanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuoni hakuwa na cha kuanika. Nilimsalimia, nikaanza kuomba msamaha, nikamwambia naelewa kama ananiona mwizi wa kazi.

"Mama," akasema, bila kupaza sauti, "mimi sijakuita mwizi. Wewe ndiye umeniita mwizi. Tena kwa maandishi."

Niliuchukua mkoba wangu, nikaingia ofisini kwao.

Afisa wa doria alikuwa na cheti cha usajili cha Ouma mezani, kimeandikwa mia moja thelathini na nane, lakini hakukiamini. Alisema cheti chaweza kuwa cha mashua nyingine, na kwamba kila anayeshikwa huja na cheti na mama wa kumwombea. Nilimwambia mimi si wa kumwombea mtu, mimi ndiye niliyekata ile namba.

"Unaniambia hii ni nane?"

"Ni nane."

"Mama, mimi nimesoma. Hii ni tatu."

"Njoo nje nikuonyeshe."

Alitoka polepole, kwa heshima ya umri wangu tu, nafikiri. Mwenyekiti alikuwa ameleta zile stensili kutoka ofisi ya ufuo. Nilichukua ile ya namba tatu, nikailaza juu ya tatu ya katikati. Ilikaa kama kifuniko juu ya sufuria yake, kingo kwa kingo, rangi yote ndani ya tundu. Nikaihamisha kwenye namba ya mwisho, ile ambayo yeye pia aliisoma tatu. Ikakataa. Rangi ilitokeza juu, ikatokeza chini, na katikati palikuwa na utepe mzima wa rangi uliofunikwa na plastiki. Nikaisogeza huku na huku ili aone kwamba siifanyii ujanja. Ikakataa kila upande. Kisha nikachukua ya nane, nikailaza palepale. Ikaingia. Hata tone moja lililochuruzika chini ya daraja lilianzia kwenye mkato wa plastiki.

"Stensili haibadiliki," nikamwambia. "Inachapa kitu kile kile mara mia. Kama mtu angeandika tatu hapa, angetumia hii ya kwanza, kama alivyoitumia hapo katikati. Aliyepaka alichukua nane. Kosa ni langu, niliweka madaraja upande mbaya."

Afisa aliichukua stensili, akaijaribu mwenyewe. Akarudia. Akaenda mbali hatua kumi, akasoma, akarudi.

"Sasa Mama," akasema mwishowe, "huko nje kuna boti ngapi ziko na nane?"

Zilikuwa kumi na saba. Kwanza aliandika karatasi ya kumwachilia Ouma, ikachukua mpaka mchana, kwa sababu aliyekuwa na muhuri alikuwa amekwenda kula. Mnyororo ukafunguliwa. Ouma na watu wake wakaivuta mashua mpaka majini. Nilimfuata na brashi yangu, nikamwomba anipe dakika mbili tu nizibe yale mapengo.

"Usiguse boti yangu."

Akachukua lami kwenye kopo la kuzibia nyufa, na kwa kijiti akaichora nane mwenyewe juu ya ile yangu, nyeusi, nene, imepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Hakuna mtu ambaye angeisoma vibaya tena.

Hizo nyingine nilizizibia siku mbili nzima, nikiwa na matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, kila mwenye mashua akinisimamia kichwani kunisomea nane yake kwa sauti kana kwamba ndiyo kwanza nakwenda shule. Nilistahili. Niliporudi nyumbani nilikata nane mpya, daraja moja juu na moja chini, plastiki nene, wembe ukapita mara tatu. Ile ya zamani niliikata vipande kwa mkasi. Na kila stensili iliyotoka kwangu tangu hapo ilitoka na karatasi ya maelezo, na kila mteja nilimshika nikamwonyesha brashi ndogo kwa macho yake. Wengi waliudhika. Mwanamke mmoja aliniambia nawafanya kama watoto. Nikamwambia ndiyo.

Kisha mkono ukaanza. Kwanza ulitetemeka nikiwa nimechoka, baadaye hata asubuhi. Mashine haijali mkono wa mtu, lakini kudonoa vipande vidogo kwenye plastiki kunataka mkono uliotulia, na macho, na mimi vyote viwili vilikuwa vimeanza kuniaga. Nikawaambia ninyi mjiandae.

Kazi yangu ya mwisho haikufanywa na mashine. Miezi mitatu iliyopita Bwana Ouma alisimama mlangoni kwangu. Hatukuwa tumeongea tangu siku ile, zaidi ya miaka minne. Alisema ameitengeneza mashua upya, mbao mpya na rangi mpya, na ofisi ya ufuo imekataa lami, wanataka namba ya kusomeka.

Nikainuka kwenda kabatini kutoa stensili ya nane, ile nzuri.

"Hapana," akasema. "Hiyo plastiki yako iache. Uandike na mkono."

Nilimwonyesha mkono wangu. Niliunyoosha mbele yake, ukatetemeka waziwazi.

"Nimeona," akasema. "Wewe kuja tu."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti juu ya gunia, ufuoni Usenge, mkono wa kushoto umeushika wa kulia. Moja ilikuwa rahisi. Tatu ikapinda kidogo. Nane niliianza juu, nikateremka, nikazunguka, nikapanda, bila kuinua brashi hata mara moja, na mkono ulitetemeka njia nzima. Tumbo la chini likawa kubwa kupita la juu. Kingo zikawa na mawimbi. Mama Nirmala angeniwekea mapajani, akaenda zake jikoni.

Nikamuuliza Ouma kama nifute nianze tena. Aliingia majini mpaka magotini, akageuka, akaiangalia akiwa huko. Kisha akamwita mkewe, mama wa Atieno, aliyekuwa akipindua omena kwenye nyavu.

"Min Atieno! Hii ya mwisho ni ngapi?"

Mwanamke akainua uso, akakunja macho kwa jua, akaonekana amekereka kwa kukatiziwa kazi.

"Nane. Kwani wewe huoni?"

Ouma akatoka majini. Akaichukua brashi mkononi mwangu, akaiosha mwenyewe kwa petroli ya injini yake, unywele kwa unywele, akaikausha kwenye shati lake, akanirudishia.